Diski ya hedhi na tendo la ndoa: angalia ukingo wa mbele

Kikombe cha hedhi na diski ya hedhi ni vyombo vya kukinga damu ya mwezi ndani ya uke. Kikombe hutolewa kabla ya tendo la ndoa. Diski inaweza kubaki ndani. Wamama wengi hapa Goma huvichukua vitu hivi viwili kuwa kimoja, kwa sababu vyote ni vya silikoni, vyote hukunjwa wakati wa kuingiza, vyote huoshwa na kutumika tena. Lakini anayekosea hapo atajiumiza au atamuumiza mwenzake, kwa hiyo mimi kama mkunga huanza na tofauti hiyo kabla ya neno lingine lolote.

Kikombe hukaa kwenye njia yenyewe ya uke, kimejaa ndani yake, kikishikilia kuta kwa kunyonya, na shina lake likielekea nje. Diski hainyonyi kitu. Ni pete laini yenye kipenyo cha milimita 60 hadi 75 hivi, na katikati ina kifuko cha utando mwembamba, mfano wa kofia ya kuogea iliyogeuzwa juu chini. Ukingo wake wa nyuma huingia kwenye pembe ya mwisho kabisa, nyuma ya mlango wa kizazi. Ukingo wa mbele hukaa juu ya mfupa wa kinena, upande wa ndani. Basi diski hulala mshazari kule juu ambako uke ni mpana kuliko kwingine, inakinga damu inapodondoka tu, na njia iliyo chini yake inabaki wazi. Mwanamke anaposisimka, uke hurefuka na kizazi huinuka kidogo, hivyo nafasi huongezeka. Wanaume wengi hawaisikii kabisa. Wengine husikia kitu laini mbele, na mara nyingi huo ni ukingo ambao haukufungwa vizuri.

Kuhusu kiasi, watu huogopa bure. Hedhi nzima ya mwanamke wa kawaida ni mililita 30 hadi 40 za damu, yaani vijiko viwili vya mezani na kidogo. Ikizidi 80, hiyo ni hedhi nzito, na kabla ya mambo ya diski mama huyo apimwe kama ana upungufu wa damu. Diski nyingi hubeba mililita 30 hadi 70 kwa mara moja. Kwa hiyo hata siku ya pili, ambayo kwa wengi ndiyo kali, diski iliyomwagwa jioni haitajaa kabla hamjamaliza. Ikivuja, karibu kila mara ni kwa sababu imekaa vibaya.

Kipimo ni kidole chako

Pima ukiwa katika hedhi, maana mlango wa kizazi hupanda na kushuka kufuatana na siku za mwezi. Nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole cha kati taratibu hadi uguse kitu kigumu kidogo, cha mviringo, kama ncha ya pua, chenye kishimo katikati. Ukikigusa kidole kikiwa kimeingia hadi kiungo cha pili au pungufu, mlango wako uko chini: tafuta diski ndogo, ya milimita 60 hadi 65. Kidole kikiingia chote na bado unautafuta, diski ndogo itateleza na kukuacha. Chukua ya 70 au zaidi.

Kwa ajili ya tendo la ndoa, utando uwe mwembamba na ukingo uwe laini. Shina gumu silitaki. Kitanzi kidogo cha kuvutia hakina shida, mradi kiweze kulazwa juu ya ukingo. Na soma boksi: kuna watengenezaji wanaosema wazi kwamba diski yao isivaliwe wakati wa tendo, na hapo hakuna mjadala. Aina ya kutumia mara moja na kutupa ipo pia. Hiyo haichemshwi wala hairudiwi.

Kuingiza, na mahali watu wanapokosea

Kucha ziwe fupi. Maji ya bidoni yanahesabiwa, najua, lakini vikombe viwili vya maji safi vinatosha: kimoja cha mikono na sabuni, kingine cha kusuuza diski. Chuchumaa, au simama mguu mmoja ukiwa juu ya kiti. Bana pete katikati hadi pande mbili zikutane, iwe nyembamba kama namba 8.

Sasa mwelekeo. Wengi husukuma juu, kuelekea kitovu, na diski inagonga mlango wa kizazi na kusimama. Isukume nyuma na chini, kama unalenga kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo. Iache iteleze yenyewe hadi ifike mwisho. Ikikwama kwa ukavu, ilowanishe kwa maji safi au kilainishi cha maji. Kilainishi cha silikoni huharibu silikoni ya diski, itaanza kunatanata.

Ikishafika mwisho, kazi bado nusu. Ukingo wa mbele unaning'inia njiani. Weka kidole chini yake, usukume juu na mbele, upande wa kitovu, hadi usikie umepita mfupa wa kinena na kukaa nyuma yake, kama droo inayoingia mahali pake. Asiyefanya hatua hii ndiye atakayelalamika kesho kwamba diski ni uongo.

Kisha kagua. Pitisha kidole juu ya utando: ile ncha ya pua uisikie kupitia utando, ikiwa imefunikwa. Ukiikuta wazi nyuma ya diski, umeziba ukuta na kuiacha chemchemi. Damu yote itapita pembeni. Toa, rudia. Baada ya hapo kohoa mara tatu na uchuchumae mara moja. Ikishuka, ukingo wa mbele haujafunga, au diski ni ndogo. Ukiisikia inakubana au mkojo unatoka kwa shida, ni kubwa.

Nashauri mtu afanye mazoezi ya mwezi mmoja au miwili peke yake, kwa siku za kawaida, kabla ya kuipeleka kitandani. Usiku wa kwanza wa diski usiwe usiku wa kwanza wa jaribio.

Kabla na wakati

Diski hukinga damu inayoshuka kuanzia ilipowekwa. Damu iliyokuwa tayari njiani inabaki chini yake, na hiyo ndiyo inayochafua shuka na kumfanya mtu aseme imevuja. Mwaga, suuza, rudisha, kisha subiri kama dakika 15 na ujifute nje kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Nje tu. Sabuni ndani, maji ya limau, chumvi, unga wa shabu na majani ya kukausha huchubua ngozi ya ndani na kufungua mlango kwa magonjwa. Tena uke mkavu hufanya diski isogee kila mnaposogea. Tandika kitenge cha zamani cha rangi ya giza. Matone machache yanaweza kutoka, na nani anataka kufua shuka nzima kwa bidoni moja?

Kuna mikao inayoisumbua diski. Mwenzako akiwa nyuma yako anaingia ndani zaidi na anaweza kuugonga ukingo. Wewe ukiwa juu, umechuchumaa, misuli ya nyonga inasukuma chini na diski huinama na kumwaga kidogo. Jambo hilohilo hutokea ukikohoa kwa nguvu au ukijisukuma chooni. Kulala chali au ubavu kwa ubavu ndiko salama zaidi kwa shuka. Ukifika kileleni kizazi hujikaza na kutoa damu kidogo kwa mkupuo, basi usishangae diski ikiwa nzito baadaye. Maumivu makali ni ishara ya kuacha. Acheni, kagua ukingo, na kama kila kitu kiko sawa lakini bado kunauma, leo si siku yake.

Inachokinga na isichokinga

Hapa nasema kwa sauti. Diski si kinga ya mimba. Inafanana na kiwambo cha uzazi wa mpango, lakini haizuii mbegu kupita. Mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwanamke, na mwenye mzunguko mfupi, wa siku 21 hadi 24, anaweza kushika mimba kutokana na tendo la siku za mwisho za hedhi.

Wala haizuii ugonjwa. Siku hizo mlango wa kizazi umefunguka kidogo, na damu yenyewe hubeba virusi: hatari ya SIDA, yaani UKIMWI, na ya homa ya ini aina ya B haipungui, inapanda. Kama hamjapima wote wawili, vaeni kondomu, ile mnayoiita kapote. Inakubaliana na diski bila shida, ila msipake vaselini, mafuta ya mawese wala mafuta ya nazi, kwa maana mafuta hudhoofisha mpira wa kondomu kwa dakika chache tu.

Kutoa bila kumwaga

Mwisho wa kuivaa ni saa 12 tangu ilipoingia. Hailazimu kutolewa palepale baada ya tendo, lakini saa zinahesabiwa tangu ilipowekwa, na tendo halizirudishi kwenye sifuri.

Nakuomba usiitolee juu ya choo cha shimo. Mikono ina utelezi, ndani kuna giza, na diski ikitumbukia haina wa kuifuata. Chuchumaa juu ya beseni chumbani. Ingiza kidole cha shahada, kikunje chini ya ukingo wa mbele, uuteremshe kutoka kwenye mfupa, kisha vuta mbele polepole huku ukiiweka sawasawa, kama unavyobeba kisosi kilichojaa chai. Ukiivuta kwa kuielekeza chini itamwagika mkononi. Mara mbili tatu za kwanza itamwagika hata hivyo, ndiyo maana ya beseni.

Ikikaa juu usiifikie, haijapotea. Uke una mwisho, na tundu la mlango wa kizazi ni dogo mno kwa diski kupita. Tulia dakika kumi, chuchumaa chini kabisa, jisukume kama mwenye haja kubwa, na itashuka hadi kidole kilipo. Ikishindikana na saa 12 zinakaribia, nenda kituo cha afya. Kuitoa ni kazi ya dakika moja, na hakuna nesi atakayeshangaa.

Kuchemsha kwenye mlima

Baharini maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na yanachemka kwa nyuzi 95 hivi. Karatasi nyingi za kwenye boksi husema dakika 5. Mimi nasema 10, zihesabiwe tangu mapovu makubwa yalipoanza. Weka sufuria yake peke yake kwenye babula, lile jiko la makaa, maji lita moja, na kitambaa cha pamba chini ili diski isigusane na chuma cha moto na kupinda. Usiiache ukaenda kwa jirani: maji yakikauka, diski imekwisha. Fanya hivyo kabla ya hedhi kuanza na tena ikiisha. Katikati inatosha kuosha kwa sabuni isiyo na manukato na maji safi. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hapana, inaila silikoni.

Ikauke kabisa, kisha uiweke kwenye kifuko cha kitambaa, kimefungwa. Lile vumbi jeusi la lava linaingia kila mahali, hata kwenye kabati.

Nani asubiri

Aliyejifungua au aliyetoka mimba asubiri wiki 6 na aonwe kwanza. Mwenye uchafu unaonuka, muwasho au maumivu ya tumbo la chini atibiwe kwanza. Mwenye kizazi kilichoshuka, diski haitashika. Mwenye kitanzi, ile DIU, amuulize aliyemwekea: kidole kinachotafuta ukingo kinaweza kuunasa uzi na kuuvuta. Aliyeshonwa fistula azungumze na daktari wake. Hospitali ya Panzi kule Bukavu na HEAL Africa hapa Goma wana watu wa kazi hiyo. Na aliyewahi kutendewa kwa nguvu, kuingiza kidole peke yake kunaweza kumrudishia mengi. Huyo hadaiwi diski na mtu yeyote, hata na mumewe.

Upande wa dini, Waislamu wanajua hedhi ikiwepo tendo halipo, na makanisa kadhaa hufundisha hivyo kutoka Mambo ya Walawi. Diski inaficha damu, haiondoi hedhi. Anayeshika katazo hilo asidhani amepata mlango wa nyuma.

Homa kali ya ghafla, kutapika au kuharisha, kizunguzungu, na ngozi nyekundu kama iliyochomwa na jua: toa diski na uende hospitali saa hiyohiyo, useme ulikuwa umevaa nini. Ni sumu ya bakteria, ni nadra, lakini inakwenda mbio. Ilijulikana sana mwaka 1980 huko Marekani kwa sababu ya tamponi, ile pamba ya hedhi inayoingizwa ukeni.

Madoa ya kahawia kwenye silikoni hayana ubaya. Jua la saa chache huyapunguza. Diski iliyopasuka ukingoni, inayonata baada ya kuoshwa, au utando wenye tundu hata la sindano, hiyo itupwe.