Stelingi hakufa, ila hakuingia ndani

Mimi ni mhariri wa filamu, na dakika ninayoiogopa kuigusa ni ya mwisho. Watazamaji wengi huingoja ili wajue nani kashinda. Kwenye picha za makauboi hilo tunalijua tangu kununua tiketi: stelingi hafi. La kuuliza ni hili: risasi zikiisha, mtu huyu anakwenda wapi?

Chukua The Searchers, aliyoiongoza John Ford mwaka 1956. John Wayne ni Ethan Edwards, askari wa majimbo ya Kusini yaliyoshindwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, anayefika kwa nduguye Texas mwaka 1868. Wakomanchi, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, wanaivamia nyumba ile, wanaua, wanamchukua binti mdogo, Debbie. Ethan anamsaka miaka nenda rudi, nasi tunamshangilia, mpaka inatubainikia kwamba akimpata anakusudia kumuua, kwa kuwa keshakuwa Mkomanchi. Anampata, anamnyanyua juu, tunashika pumzi. Kisha anamwambia twende nyumbani.

Ningeambiwa nikate hapo, ingebaki hadithi ya mtu aliyetubu, basi. Ford akaongeza kipande kifupi. Kamera iko ndani ya nyumba, gizani, inatazama nje kupitia mlango. Debbie anapokewa, anaingizwa. Ethan yuko barazani. Anasogea kando kuwapisha vijana wawili, nao wanapita. Hapigi hodi, na hakuna anayemwambia karibu. Anageuka, anaondoka kwenye vumbi, mlango unafungwa.

Picha ilianza vivyo hivyo: giza, mlango ukafunguliwa, mpanda farasi akaonekana kwa mbali. Lakini mimi mlango huo hunirudisha kwingine, kwenye tukio ambalo mara ya kwanza nililiona ukatili mtupu. Ethan anamkuta Mkomanchi aliyekwisha kufa, anampiga risasi za macho, ili kwa imani ya Wakomanchi roho yake itangetange kati ya pepo zinazovuma isipate pa kutua. Sasa tazama anayetangatanga ni nani.

Katika riwaya ya Alan Le May ya mwaka 1954, iliyozaa filamu hii, mtu huyo anaitwa Amos, naye anauawa. Kifo kingemlipia deni, sisi tukaenda zetu tumeridhika. Ford alimnyima hata kaburi.

(Kabla ya kugeuka Wayne anashika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa mkao wa Harry Carey, mwigizaji aliyefariki mwaka 1947. Mama mwenye nyumba ile ameigizwa na Olive Carey, mjane wake.)

High Noon ya mwaka 1952 hufanya kazi hiyo kwa ishara moja: Gary Cooper, mlinda sheria wa mji, anaivua nyota yake ya bati, beji ya kazi yake, na kuitupa mchangani mbele ya wenyeji waliomwacha apigane peke yake. Iondoe, unabaki na sifa za shujaa. Iache, mji mzima uko kizimbani.

Lakini linalonichekesha kikazi ni la mwaka 1903. The Great Train Robbery ina kipande cha jambazi anayeielekea kamera na kuwafyatulia risasi watazamaji. Kampuni ya Edison, iliyoitengeneza, iliwaambia wenye majumba ya sinema wakibandike mwanzoni au mwishoni, watakavyo. Kikitangulia, jambazi anajitambulisha. Kikija mwisho, genge zima tumeshaliona likiuawa msituni, na maiti imerudi inatulenga sisi.