Karboplatini sio sisiplatini iliyopunguzwa nguvu

Sisi wa famasi ya kemo (dawa za saratani) hapa Moshi ndugu wa wagonjwa wanatuulizaga sana, mbona mama alianza na sisiplatini saizi kabadilishiwa karboplatini, hii ya pili si ndo ile dhaifu? Hapana jamani. Imebadilishwa kidogo tu, sumu yake ikahamia sehemu nyingine ya mwili.

Sisiplatini ni platinamu yenye amonia mbili na kloridi mbili, kloridi zote zimekaa upande mmoja. Ukizipanga zitazamane, atomu zilezile na idadi ileile, unapata transplatini, na kwenye saratani hiyo haikufaa kitu. Sasa kwenye damu kloridi zipo nyingi so dawa inatulia, ikishaingia ndani ya seli ambako ni chache maji yanaanza kuzing'oa, platinamu inabaki wazi inaenda kunasa kwenye guanini (moja ya zile "herufi" nne) za DNA, seli inashindwa kujigawa. Ndo maana tunaichanganya na maji ya chumvi. Shida ni kwamba figo nazo zinaipata, masikio pia, ndo unaona yale madripu ya maji ya kabla na baada, ya kulinda figo, hadi mgonjwa analalamika anakojoa usiku kucha.

Kwenye karboplatini wakatoa kloridi zote mbili wakaweka kipande kimoja cha kaboni kilichoshika platinamu sehemu mbili, hicho kinang'oka taratibu mnooo. Na kikishang'oka, kinachobaki kwenye DNA ni kilekile cha sisiplatini! Hapa huwa nashangaa hadi leo. Figo zinapata nafuu, ila uboho ndo unaumia, chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zinashuka, kwa hiyo usigome kutolewa damu ya FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) kabla ya dozi. Tena dozi yenyewe hatupigi kwa kilo, tunatumia fomula ya Calvert: AUC mara (GFR + 25), AUC ni kiasi cha dawa tunachotaka mwili ukipate kwa jumla, GFR ni kasi ya figo kuchuja damu, manake figo ndo zinaitoa.

Kuna na ndugu yao wa tatu, oksaliplatini: hapo wakagusa zile amonia pia, wakaweka pete ya kaboni sita. Ni ya saratani ya utumbo mpana sana sana. Hii usiiweke kwenye maji ya chumvi kabisa, kloridi zinaivuruga, inataka glukosi 5%. Sumu yake iko kwenye neva na inachokozwa na baridi: ukigusa kitu cha baridi vidole vinachoma, ukinywa koo linabana. Sasa piga picha Arusha mwezi wa 7, maji ya bomba saa 12 asubuhi. Siku hizo za mwanzo baada ya dripu nawa maji ya uvuguvugu, vaa glavu, na soda ya friji waachie wengine.