Faili lako liko mezani kwa nani? Kusubiri majibu ya Fulbright FLTA kwa walimu wa Kiswahili

Walioomba nafasi ya FLTA (Foreign Language Teaching Assistant, yaani mwalimu msaidizi wa lugha ya kigeni) huuliza swali moja kwa namna nyingi: mbona kimya? Swali hilo halijibiki mpaka kwanza ujue faili lako liko mezani kwa nani. Tangu siku ya kutuma maombi hadi siku ya kupanda ndege hupita mwaka mzima au zaidi, na ndani ya muda huo faili hupita mikono minne: ubalozi wa Marekani nchini mwako, taasisi ya IIE, chuo kikuu kitakachokupokea, kisha afisa wa viza. Kila mkono una kimya chake, na kila kimya kina kazi yako ya kufanya.

Kwa anayeusikia mpango huu mara ya kwanza: Fulbright FLTA hugharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani na kuendeshwa na Institute of International Education, yaani IIE. Huwapeleka walimu vijana, wenye shahada ya kwanza na umri wa miaka 21 hadi 29, wakafundishe lugha zao katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, takriban miezi 9. Unafundisha au kusaidia kufundisha kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na wewe mwenyewe unasoma angalau kozi mbili kila muhula. Mpango huu hautoi shahada. Wanaotafuta shahada ya uzamili wana mlango mwingine wa Fulbright.

Kimya cha kwanza ni cha ubalozini. Kila nchi ina tarehe yake ya mwisho, kwa hiyo usijilinganishe na mwombaji wa nchi nyingine aliyekwisha kuitwa. Baada ya dirisha kufungwa, kamati husoma maombi na kuita wachache kwa usaili. Kinachoangusha watu wengi hapa si insha. Ni barua za mapendekezo. Mfumo wa maombi unakuruhusu kutuma fomu yako hata kama waandishi wa barua hawajapakia chochote. Wao hupelekewa kiungo kwa barua pepe, nacho mara nyingi huangukia kwenye folda ya taka. Mwombaji anaona neno "limetumwa" kwenye akaunti yake, anatulia, kumbe faili halijatimia barua zote. Ingia kwenye akaunti, tazama hali ya kila barua, na kama kuna iliyokwama tuma ukumbusho kutoka humo humo ndani ya mfumo. Kisha mpigie mwalimu wako simu. Barua pepe peke yake haitoshi.

Kosa la pili la hatua hii huonekana miezi kumi baadaye, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu linazuilika kwa dakika tano. Ni majina. Sisi hutaja majina matatu kwa mfululizo, lakini fomu inataka jina la ukoo peke yake na majina mengine peke yake. Mtu anayeitwa Amina Juma Salim anajaza "Salim" kwenye fomu, pasipoti inasema "Juma Salim", cheti cha chuo kinasema "Amina J. Salim". Karatasi ya DS-2019, ambayo bila hiyo hakuna viza, huandikwa kwa kufuata majina yako yaliyo kwenye kumbukumbu za mpango. Yasipolingana na pasipoti, inabidi iandikwe upya, tena wakati ambao kila wiki ina thamani. Fungua pasipoti, nakili mstari kwa mstari kama ilivyo. Kama huna pasipoti, anza kuitafuta sasa hivi, usingoje usaili.

Ukifaulu usaili, ubalozi hupeleka jina lako IIE. Hapo husomwa kwa furaha neno moja ambalo halisemi kile watu wanachodhani: umependekezwa. Kupendekezwa si kuchaguliwa. Wengine huandikiwa kuwa ni "principal", yaani mteule wa mstari wa mbele, na wengine "alternate", yaani wa akiba. Hata wa mstari wa mbele bado hana chuo. Katika kipindi hiki hutakiwa pia alama za mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS. Alama hizo hudumu miaka miwili tu.

Kisha kinakuja kimya kirefu kuliko vyote, cha upangaji wa vyuo. Kwa kawaida huanzia mwanzoni mwa mwaka na kwenda hadi Mei au Juni. Wasomaji wengi huandika wakati huu wakiamini wamekataliwa, kwa hiyo nieleze kinachoendelea. Vyuo vya Marekani huomba IIE viletewe mwalimu wa lugha fulani. Chuo kinachoomba hujitolea kusamehe ada ya kozi zako, na vingi huchangia nyumba au chakula. Hivyo idadi ya nafasi za Kiswahili haiamuliwi na wingi wa walimu bora wa Afrika Mashariki. Inaamuliwa na idara ngapi mwaka huo zina wanafunzi wa kutosha na bajeti ya kutosha. Idara ikikosa fedha mwezi wa Machi, nafasi inafutwa, na mteule mzuri kabisa anabaki bila mahali pa kwenda. Ukibaki hivyo, usisome barua ile kama hukumu juu ya ualimu wako.

Baadhi ya vyuo hutaka kuzungumza nawe kwa video kabla ya kuamua. Hapa saa zetu zimewaangusha watu. Ukiandikiwa 10:00 AM kwa saa za New York wakati wa baridi, kwetu ni 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni. Lakini Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na kuanzia siku hiyo 10:00 AM ile ile inakuwa saa kumi na moja jioni kwetu. Mwalimu aliyepangiwa kwa hesabu ya Februari anajikuta amechelewa saa nzima. Chuo kikiwa kwenye saa za Chicago, kama Wisconsin–Madison ambako Kiswahili kinafundishwa, ongeza saa moja zaidi. Unapojibu, andika saa zote mbili kwa mtindo wa 24, yao na ya Nairobi, ili kosa lionekane mapema.

Na wanauliza nini? Si falsafa ya Fulbright. Hiyo ulikwisha kuijibu ubalozini. Wanataka kujua kama unaweza kumfundisha Kiswahili mtu mzima asiyekijua hata kidogo, jambo ambalo hatukulifanya darasani. Tumezoea kumsahihisha mtoto anayekizungumza tayari. Tumia miezi hii ya kungoja kujiandaa kwa hilo. Anza na ngeli. Shule za Kenya hufundisha A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI kwa kufuata upatanisho. Vitabu vingi vya Tanzania na vya wageni hutumia M-WA, M-MI, JI-MA, na wanaisimu hutumia namba: kitabu ngeli ya 7, vitabu ngeli ya 8. Jifunze kuhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kubabaika. Kisha jiulize maswali ambayo mwanafunzi wa wiki ya sita huuliza kweli. Kwa nini tunasema "mbwa wangu" lakini "rafiki yangu", ilhali wote wawili "anakuja"? Ukijibu kwamba ndivyo tunavyosema, umeshindwa. Jibu ni kwamba majina ya uhusiano yasiyo na kiambishi, kama rafiki, ndugu, mama na baba, huchukua kimilikishi cha ngeli ya 9 na 10, ingawa kitenzi chake kinafuata A-WA.

Andaa pia somo moja la dakika 15 lisilo na sarufi kabisa, kwa mfano kununua nyanya sokoni, ambalo utalifundisha kwa Kiswahili kitupu, picha na ishara. Pitia ngazi za umilisi za ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, kwa kuwa idara nyingi hupanga malengo ya kozi kwa ngazi hizo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yuko kwenye ngazi za chini. Ukisema utamfundisha ushairi wa utenzi muhula wa kwanza, msikilizaji wako atajua bado hujapata picha ya darasa lake.

Chuo kikikuchukua, bado uteuzi wako unahitaji idhini ya juu, ya bodi ya Fulbright. Hapo zamani niliwaambia watu hatua hii ni ya kupiga muhuri tu. Siwaambii hivyo tena. Juni 2025 wajumbe 11 kati ya 12 wa bodi hiyo walijiuzulu, wakisema serikali iliwanyima ufadhili watu ambao bodi ilikwisha kuwachagua. Kwa hiyo shika kanuni hii: usiandike barua ya kuacha kazi, usirudishe nyumba ya kupanga, usiuze kitu, mpaka uwe na masharti ya ufadhili yaliyotiwa saini na viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Mwajiri mwombe likizo bila malipo mapema, kwa barua inayosema wazi kwamba uteuzi bado haujakamilika. Vibali vya watumishi wa umma vinaweza kuchukua muda mrefu.

Viza yenyewe ni ya J-1, yaani ya wageni wa mipango ya kubadilishana. Namba ya mpango kwenye DS-2019 yako ikianza na G-1, hulipi ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa kubadilishana) wala ada ya ombi la viza. Anayekutoza fedha hizo anakuibia. Fomu ya kuombea viza, DS-160, inauliza majina ya akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka mitano iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa J hutakiwa kuziweka wazi zionekane na kila mtu. Orodhesha zote, hata ile usiyoitumia. Unaruhusiwa kuingia Marekani siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye DS-2019, si mapema zaidi. Ujue pia kuwa ukimaliza unafungwa na sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza, kama ya kazi ya H-1B au ukaazi wa kudumu.

Uraia una uzito mkubwa hapa. Tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 lilisimamisha viza za J kwa raia wa Burundi, na la Desemba 2025 likaiongeza Tanzania kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Matangazo haya hubadilika na yana misamaha yake. Mwombaji wa nchi hizi aulize ubalozi kwa maandishi, mapema, kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Fomu ya afya hupuuzwa mpaka wiki ya mwisho. Vyuo vingi hutaka uthibitisho wa dozi mbili za chanjo ya MMR: surua, matubwitubwi na rubela. Chanjo za kawaida za watoto kwetu huwa na surua na rubela bila matubwitubwi, kwa hiyo kadi yako ya kliniki haitatosha. Dozi hizo hutenganishwa kwa siku 28 au zaidi, hesabu nyuma. Wakikutaka kipimo cha kifua kikuu, omba cha damu badala ya kile cha kuchoma ngozi. Wengi wetu tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, nayo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kionyeshe una maambukizi ilhali huna.

Sasa, lini uandike kuuliza? Kabla ya kupendekezwa, mwulize afisa wa ubalozi anayeshughulikia mpango. Baada ya hapo, aliyekuandikia mara ya mwisho ndiye wa kuuliza. Usiandikie vyuo moja kwa moja kujipigia debe. Barua iwe fupi: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, nchi, mwaka wa masomo unaoombea, kisha swali moja, "Je, kuna hati yoyote inayokosekana kwenye faili langu?" Swali hilo hujibika. "Matokeo lini?" mara nyingi halina jibu hata kwa yule unayemwuliza. Mara moja kwa wiki sita inatosha, isipokuwa kama umebadilisha simu, anwani, pasipoti au hali ya kazi. Hapo andika siku hiyo hiyo. Barua halisi za ubalozi na IIE hutoka kwenye anwani zinazoishia na iie.org au state.gov. Soma herufi zote baada ya alama ya @, moja moja.

Kwa wa akiba, kuna walioitwa Juni, na wachache Julai. Semina elekezi hufanyika karibu na Agosti, na viza inahitaji wiki kadhaa, hivyo katikati ya Julai ikipita bila neno, panga mwaka wako mwingine. Kuomba tena kunaruhusiwa na hakukuharibii jina, lakini ni maombi mapya na barua mpya. Piga hesabu ya umri wako dhidi ya kikomo cha tangazo la nchi yako, kisha angalia tarehe iliyo kwenye cheti chako cha TOEFL.