Umepiga chsh na sheli bado ni ile ile? Haijagoma

Wengi wanadhani ukishapiga chsh -s /bin/zsh (amri ya Linux ya kubadilisha sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminali) basi papo hapo terminali inageuka zsh, wakiona bado bash, sheli ya zamani, wanasema amri imegoma, wanairudia na sudo (inayoendesha amri kwa mamlaka ya root), ndo wanajikuta wamebadilisha sheli ya root, akaunti ya msimamizi mkuu, badala ya yao. Jamani, haijagoma. Chsh kazi yake ni kuandika upya sehemu ya mwisho ya mstari wako kwenye /etc/passwd (faili la akaunti za watumiaji), na huo mstari unasomwa pale unapoingia kwenye mfumo, kwa hiyo sesheni iliyo wazi haiguswi kabisa. Logauti, ingia tena. Kufungua dirisha jipya la terminali mara nyingine haitoshi, maana linaweza kurithi $SHELL (kigezo kinachotaja sheli yako) ya sesheni ya zamani.

Na hiyo $SHELL msiiamini sana, kwa kawaida inaonyesha sheli uliyopangiwa ulipoingia, sio lazima unayotumia sasa hivi (ukitaka uhakika piga ps -p $$). Chsh ikikataa kweli, cheki kama njia kamili ya hiyo sheli imeandikwa kwenye /etc/shells (orodha ya sheli zinazoruhusiwa), mara nyingi tatizo ni hapo tu.