Biashara nzuri, wakati mbaya: ninavyoipima fursa kabla pesa hazijatoka

Wafanyabiashara wanaokuja kwangu hapa Nakuru huwa na swali moja: "Hii biashara inalipa?" Kazi yangu ni kushauri biashara ndogo na vyama, yaani vikundi vya kuweka akiba pamoja, na kabla sijajibu huwarudishia maswali mawili. Pesa yako itarudi mkononi baada ya siku ngapi? Na huyo mnunuzi atakuwepo kwa siku ngapi? Siku za kwanza zikizidi za pili, biashara hiyo si yako, hata kama imemjengea jirani yako nyumba.

Viazi ndivyo vinavyoonyesha hesabu hii waziwazi. Aina iitwayo Shangi ndiyo inayotawala soko letu. Inakomaa upesi, kwa miezi mitatu hivi, inaiva haraka jikoni, na wauza chipsi wanaipenda. Ila ikishachimbwa haikai. Wiki chache tu inaanza kuchipua, na ikipigwa na mwanga inageuka kijani na kuwa na sumu. Kwa hiyo bei inapoanguka kule mashambani Molo au Mau Narok wakati wa mavuno, anayefikiria kujaza stoo na kungoja bei ipande anashindana na kiazi chenyewe, na kiazi hakijui kungoja.

Mama mmoja muuza viazi alipigiwa simu na dalali: "Mama, njoo na kanta leo, kesho hutapata bei hii." Akaja tukakaa na karatasi. Magunia 40 ya kilo 50 kwa shilingi 1,400 kila moja ni 56,000. Kukodi kanta, lile lori dogo, 9,000. Wapakiaji, wapakuaji na ushuru 3,000. Jumla 68,000. Akiuza yote kwa 2,000 anapata 80,000, faida 12,000. Wengi wakifika hapo huchukua simu na kusema "nakuja". Mimi huongeza mistari miwili. Magunia manne yakiharibika, mauzo ni 72,000 na faida imebaki 4,000. Halafu dalali huyo hakumpigia yeye peke yake. Kanta nyingine zitaingia mjini siku hiyohiyo, na bei ikishuka kwa 200 tu, magunia 36 yaliyobaki yataleta 64,800. Hiyo ni hasara ya 3,200, na jasho lake bado halijahesabiwa.

Nikamwambia awapigie wateja wake kabla ya kumjibu dalali. Kwa mauzo anayoyajua mwenyewe, kibanda kimoja cha chipsi kilikuwa kinamaliza gunia kwa siku mbili. Vibanda sita vilikubali kuchukua kwake kwa bei waliyopatana. Hayo ni magunia matatu kwa siku, yaani 24 kwa siku nane, na siku nane Shangi inazivumilia. Akachukua 24, nafasi iliyobaki kwenye kanta akagawana na mwenzake wa sokoni, nao wakalipa usafiri pamoja. Jua halijawa kali, kanta ilikuwa njiani kwenda Molo. Nalisisitiza hilo kwa sababu watu hudhani kupima kunachelewesha. Hesabu ya namna hii ni kazi ya karatasi moja na simu chache. Kinachochelewesha ni kupima bila kujua unatafuta nini.

Mahindi yana tabia nyingine. Yale ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, yanayovunwa kati ya Oktoba na Desemba, ukiyakausha hadi unyevu wa asilimia 13.5 na kuyafunga kwenye magunia yasiyopitisha hewa, yanakaa miezi. Hapo kungoja bei ni biashara halali kabisa. Ila pesa yako inalala muda wote huo, na mkopo haulali. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, ulikuja na mkopo wa mtu binafsi wa siku 14 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Siku 14 zinatosha kuzungusha viazi vilivyokwisha chimbwa. Hazitoshi kupanda viazi, wala kuweka mahindi stoo. Watu hutazama riba kwanza. Mimi hutazama tarehe ya kulipa.

Kuna fursa ambazo mnunuzi wake ndiye tatizo. Wengi wetu tunakumbuka kware. Kuelekea mwisho wa 2013 na kuingia 2014, Kenya nzima ilikuwa inazungumzia mayai yake, kwamba ni dawa ya karibu kila ugonjwa, na bei ikapaa juu kabisa ya yai la kuku. Kule Siaya na Kisumu watu wamemjua kware, wanayemwita aluru, tangu zamani kama ndege wa kutegwa na kuliwa, kwa hiyo hakuwa mgeni. Kilichokuwa kigeni ni ile bei. Watu wakaomba leseni za KWS, shirika la wanyamapori, wakanunua vifaranga na mashine za kuangulia. Ukiangalia nani alikuwa ananunua, mayai mengi na vifaranga vilikwenda kwa wafugaji wapya waliotaka nao wauzie wafugaji wapya wengine. Walaji walikuwa wachache. Wafugaji wapya walipokwisha, soko likafa kwa miezi michache. Tangu wakati huo, kila nikiletewa habari ya mnyama au zao jipya, naomba nionyeshwe mtu mmoja anayelila au kulitumia, na aliyerudi kununua mara ya pili. Asipopatikana, nasema usiingie, tena nasema kwa sauti, maana akiba za wazee wa kustaafu ndizo huteketea humo.

Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inafundisha upande mwingine: fursa ya kweli iliyochelewa. Mkataba wa kuipanua, na kampuni za Kifaransa, ulitiwa sahihi 2020. Ukavunjwa 2025, na mwishoni mwa mwaka huo kazi ikazinduliwa upya kwa utaratibu mwingine, na kampuni za Kichina. Fikiria aliyekopa 2020 kujenga vyumba vya kupangishia mafundi pale Gilgil au Salgaa. Mawazo yake hayakuwa na kosa, na bado angekuwa amelipa riba miaka mitano bila mpangaji hata mmoja. Kwa mradi mkubwa wa serikali sihesabu tangazo wala sahihi. Nahesabu siku mitambo inapoingia. Kabla ya siku hiyo nawashauri watu watumie pesa ndogo tu: kukodi mahali badala ya kununua, kusajili biashara, kupata cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa zabuni, ikiwa ni vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, kwa sababu asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa makundi hayo. Na wapime mpaka wa hifadhi ya barabara kabla ya kusimamisha nguzo.

Mashindano ya Safari Rally kule Naivasha nitayapitia haraka. Yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 yalikuwa ya Juni. Mwaka 2024 yakahamia Machi, wikendi ya Pasaka. Mwenye mahema ya kukodisha aliyazungusha kwenye harusi miezi mingine yote. Fulana yenye mwaka na tarehe haina mnunuzi Jumatatu, mashindano yakishaisha.

Linaloniumiza zaidi ni vikundi vyenye pesa ambavyo havifiki kwa wakati. Chama hukutana mara moja kwa mwezi, ilhali bei ya viazi hubadilika kwa siku mbili. Wanachama wanapokuja kukubaliana, bei ya gunia imekwisha panda. Dawa yake ni kuamua kabla fursa haijaja. Kwenye mkutano, chagueni watu watatu na mwandike kwenye kumbukumbu: hawa wanaweza kutoa hadi shilingi 50,000 bila kuita mkutano, kwa bidhaa tunayoijua, ikiwa wanunuzi wamethibitisha kwa simu kuchukua angalau nusu ya mzigo, na pesa itarudi kabla ya mkutano ujao. Likikosekana sharti moja kati ya hayo, wasubiri wote. Masharti yote yakitimia na wawili kati ya watatu wakikubali, waende. Na jaribio la kwanza lisizidi magunia matano, hata kama dalali analia.

Wote watie sahihi, na kila mmoja wa wale watatu awe na nakala kwenye simu yake, kwa sababu simu za Molo huingia alfajiri.