Dawa za presha zina koo zake, angalia mkia wa jina

*Mama anameza amlodipine, jirani yake losartan, na wote wana presha ya kupanda. Kwa nini dawa tofauti?*

Kwa sababu presha haipandi kwa njia moja. Mishipa inaweza kuwa imebana, au mwili umejaza chumvi na maji, au moyo unasukuma kwa nguvu mno, au ni ile homoni ya kubana mishipa ambayo figo ndizo zinaichokoza, na mara nyingi yote haya yanakuwa yamechanganyika kwa mtu mmoja. Kila ukoo wa dawa unashika sehemu yake, ndo maana wengine wanapewa mbili kwa pamoja na sio kwamba wamezidiwa.

*Sasa nitajuaje yangu ni ya ukoo gani?*

Soma jina dogo kwenye boksi, sio lile kubwa la kampuni. Likiishia na -dipine (amlodipine, nifedipine) hiyo inalegeza mishipa, ila inaweza kukuvimbisha miguu kwenye vifundo. -pril (captopril, enalapril, lisinopril) inazuia ile homoni isitengenezwe, -sartan (losartan, telmisartan) inaiacha itengenezwe ila inaifungia mlango isifanye kazi. -olol kama atenolol inapunguza kasi ya moyo, na hii mwenye pumu amwambie daktari mapema kabisa maana inaweza kumbana kifua. Halafu kuna -thiazide, ile ya kukojoza.

*Tangu nianze dawa nakohoa tu, kikohozi kikavu. Ni mafua?*

Angalia boksi kwanza jamani! Mjomba wangu alizungushwa miezi miwili, kapimwa TB, kanywa dawa za kikohozi chupa kwa chupa, kumbe ni lisinopril. Kikohozi cha -pril hakina makohozi, kinakera zaidi usiku, na hakisikii dawa yoyote ya kikohozi. Ukibadilishiwa, mara nyingi wanakupeleka kwenye -sartan, kinapotea chenyewe ndani ya wiki kadhaa, kwa wengine hata miezi. Usichanganye -pril na -sartan kwa kuchukua hii hospitali na ile kwa shemeji, hapo unaziumiza figo na potasiamu inapanda. Ila ukiona midomo, ulimi au uso unavimba, hapo sio suala la kusubiri kliniki ya Jumatatu, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, na sisi waafrika hilo linatupata zaidi ya wazungu.

*Ni kweli dawa zingine ni dhaifu kwetu sisi weusi?*

Kwa sehemu ndio. -pril ikitumika peke yake huwa haishushi sana. Kuna utafiti unaitwa CREOLE, ulitoka 2019, ulifanyika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, wakalinganisha dawa mbili mbili. Waliopewa mchanganyiko wenye amlodipine ndani yake walishuka vizuri kuliko waliopewa -pril na ya kukojoza. Lakini usije ukaitupa -pril yako kwa kusoma hapa, mwenye sukari ambaye figo zimeanza kuvujisha protini, au mwenye moyo uliochoka, anapewa kwa sababu nyingine kabisa.

*Na mjamzito?*

-pril na -sartan hapana, zinaharibu figo za mtoto tumboni. Kwa hiyo hata kama ndo kwanza unapanga kubeba mimba, sema kliniki wakubadilishie. Wajawazito hupewa methyldopa, labetalol au nifedipine ile ya kuachia taratibu.

*Nimepima nikakuta 120/80, si nimepona?*

Hapana, hiyo ndo dawa inafanya kazi. Ukiacha itapanda tena, na wala hutasikia kitu mpaka siku ya kuanguka. Kwa -olol ndo usithubutu kabisa kukata ghafla, moyo unaweza kuanza kwenda mbio na kifua kuuma, hasa kama una ugonjwa wa moyo. Na kama dawa unameza vizuri ila presha haishuki, jiulize diclofenac ya mgongo unaimeza mara ngapi, maana hiyo inapandisha.

*Ya kukojoza nimeze saa ngapi?*

Asubuhi. Ukimeza usiku utaamka kwenda chooni mpaka jogoo awike, na kama siku hiyo una safari ya basi, kaa siti ya mbele karibu na konda mjuane mapema.