Kwa nini plamba ni "mtu wa risasi"

Bomba likipasuka usiku, mmoja atasema tafuta fundi bomba, mwingine atasema niitie plamba. Hili la pili ni Kiingereza, plumber. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini: plumbarius, fundi wa plumbum. Plumbum ni risasi, ile metali nzito, laini, ya kijivu, wala si lazima iwe ya bunduki. Ndiyo maana kwenye kemia risasi huandikwa Pb.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, kwa hiyo moto wa kuni unaiweza. Fundi wa Kirumi aliimimina ikawa bamba, akalikunja bamba kuzungushia mti mnene, kisha akalehemu mshono. Ukilikata bomba la namna hiyo leo, tundu lake mara nyingi si duara. Limechongoka upande wa mshono, kama tone la maji. Mengine yana jina la mwenye maji au la fundi mwenyewe, limejitokeza juu ya risasi. Mjini Bath, Uingereza, bwawa la kuogea walilojenga Warumi bado limetandikwa chini mabamba 45 ya risasi.

Risasi ni sumu, na si kwamba Warumi hawakuonywa. Vitruvius, msanifu majengo wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliwashauri watu watumie mabomba ya udongo, akasema: watazameni hao plumbarii, nyuso zao zimepauka. Marekani ilikuja kupiga marufuku mabomba mapya ya risasi mwaka 1986.

Uingereza ya zama za kati, plumber alionekana zaidi juu ya paa, akiezeka makanisa kwa mabamba ya risasi. Wakati huo wengi waliandika jina lake bila b, na hadi leo kuna ukoo wa Plummer. Baadaye b ilirudishwa kwenye maandishi ili neno lifanane na Kilatini, ila Mwingereza haitamki. Sisi tukisema plamba tunaitamka wazi, kwa hiyo kwenye herufi hiyo tuko karibu na Mrumi kuliko yeye.

Fundi bomba naye jina lake limesafiri. Bomba ni neno la Kireno, na kwa Wareno ni pampu.